Isome Kwenye Mti Kabla Haijafika Kwenye Damu

Desemba 2013, watafiti wa Idara ya Misitu ya Marekani wakiongozwa na Sarah Jovan na Geoffrey Donovan walizunguka mitaa ya Portland, jimboni Oregon, wakibandua mosi kwenye magome ya miti. Mosi ni ule mmea mfupi, laini, wa kijani, unaotanda kwenye mawe yenye unyevu, kwenye kuta za visima vya zamani na kwenye miti ya milimani. Walichukua aina moja tu, Orthotrichum lyellii, ambayo huota kwa wingi kwenye miti ya jiji lile. Walikusanya sampuli 346. Hawakuwa wakimwinda mtu wala kiwanda. Walitaka kujua kama mmea usio na bei, unaopatikana karibu kila mtaa, unaweza kuwachorea ramani ya hewa ya jiji zima.

Ramani ya kadimi, mojawapo ya metali zenye sumu walizopima ndani ya mosi hizo, ilipokamilika, upande wa kusini-mashariki mwa jiji palijitokeza doa. Katikati ya doa hilo kulikuwa na Bullseye Glass, kiwanda cha vioo vya rangi kilichoanzishwa 1974. Kadimi ndiyo huipa kioo rangi ya njano, ya machungwa na nyekundu. Kwa upande wa kaskazini likaonekana doa jingine, karibu na kiwanda kingine cha vioo vya sanaa, Uroboros. Oktoba 2015 mamlaka ya mazingira ya Oregon iliweka mashine ya kupimia hewa jirani na Bullseye. Wastani wa kadimi ulikuwa nanogramu 29.4 katika kila mita ya ujazo ya hewa, mara 49 ya kiwango elekezi cha jimbo. Aseniki, ambayo nayo ilitumika katika kuyeyusha vioo, ilikuwa mara 159.

Habari zilipotoka hadharani Februari 2016, wazazi walikuwa wa kwanza kupiga kelele, kwani karibu na kiwanda kulikuwa na kituo cha kulelea watoto. Kiwanda kikasimamisha matumizi ya kadimi na aseniki. Gavana Kate Brown akaanzisha mpango mpya wa kudhibiti sumu za hewani, na kanuni zake zikapitishwa 2018.

Jambo linaloniuma zaidi katika kisa hiki ni kwamba kiwanda hakikuwa kimejificha. Kilikuwa mjini, chenye jengo, anwani na kibali. Kanuni za serikali kuu za mwaka 2007 kuhusu viwanda vya vioo ziliandikwa zikilenga tanuri zinazowaka mfululizo, mchana na usiku; zile ndogo zinazopakiwa na kupakuliwa kwa awamu zikahesabiwa kuwa nje ya kanuni hizo. Kwa hiyo hakuna aliyelazimika kuangalia, na pasipo wa kuangalia hapakuwa na wa kuona. Portland ni jiji tajiri katika nchi tajiri, lenye vyuo, maabara, mawakili na magazeti. Lililoamshwa nalo ni jani lisilofika hata unene wa karatasi.

Mimi ni mwalimu wa biolojia, Mombasa. Ukitaja risasi mbele ya mtu wa Mombasa, nakusudia ile metali iliyomo ndani ya betri za magari, mara moja atakutajia Owino Uhuru. Kijiji hicho kiko upande wa Jomvu. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi kimeegemeana na nyumba za watu, na hakikufungwa hadi 2014. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa pale, aliona mwanawe mchanga akiugua. Vipimo vikaonyesha risasi ndani ya damu ya mtoto, iliyompitia kwenye maziwa ya mama. Aliacha kazi, akawaunganisha majirani, akapambana hadi tanuri likazimwa, na mwaka 2015 alitunukiwa Tuzo ya Goldman ya Mazingira. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Kesi ikapanda ngazi zote zilizobaki, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikasimama na wakazi.

Hebu tazama mambo yalivyofuatana. Lilianza tanuri, ukafuata moshi, akafuata mtoto, ikafuata sindano ya kutolea damu, kisha ndipo likaja jibu la maabara. Kipimo cha kwanza cha hewa ya kijiji kile kilikuwa mwili wa mtoto mchanga. Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Kwa hiyo siku damu inapokujibu, tayari umechelewa. Hii ndiyo sababu ninaandika kurasa nyingi kuhusu mimea ambayo wanafunzi wangu wengi huiruka kitabuni. Ninataka jibu hilo tulipate kwenye mti kwanza.

Sasa tuuelewe mti unajibuje, au tuseme wapangaji wa kwenye gome lake.

Mmea mkubwa hula kwa mizizi. Majani yake yamepakwa nta nyembamba inayozuia maji yasipotee, na nta hiyo hiyo huzuia vitu vingi vya hewani visiingie ovyo. Udongo nao huchuja: metali nyingi hushikwa na udongo wa mfinyanzi na mboji kabla hazijafikia mzizi. Kwa hiyo ukipima risasi kwenye jani la mwembe, unapima hadithi iliyopitia mikono mingi.

Mosi haina mizizi ya kweli. Ina vijinywele vya kujishikizia tu. Majani ya aina nyingi yana unene wa seli moja, na nta yake ni haba mno au haipo. Maji na virutubisho vyote huvipata kwa mvua, umande, ukungu na vumbi, na huvipokea kwa mwili mzima. Haiwezi kufunga mlango. Inakaa pale kama kanga iliyosahauliwa kambani kando ya barabara ya vumbi, ikipokea kila kinachopita. Ila kanga ikifuliwa vumbi hutoka, na mosi ikinyeshewa sehemu kubwa ya metali hubaki.

Inabaki kwa sababu ya kemia ya ukuta wa seli. Ukuta huo umejaa makundi ya asidi yenye chaji hasi, na metali zilizoyeyuka majini huwa na chaji chanya. Kwa kawaida nafasi hizo hukaliwa na kalsiamu na magnesi. Matone yenye risasi au shaba yanapopita, metali hizo hushika kwa nguvu zaidi na kuwasukuma nje wenyeji. Huo ni ubadilishanaji tu, hautaki nguvu za uhai. Hata mosi iliyokufa huendelea kuufanya. Wataalamu wameitumia sifa hiyo: huchukua mosi safi ya kwenye vinamasi, huiosha, huitia ndani ya mifuko ya wavu wa nailoni na kuitundika wiki kadhaa mahali ambapo hakuna mosi inayoota. Mbinu hiyo ilianza kutumika mapema miaka ya 1970 huko Swansea, Wales, mji uliokuwa umeyeyusha shaba na zinki kwa vizazi.

Kwa hiyo metali ndani ya mosi huwa mahali patatu. Kuna chembe za vumbi zilizonasa katikati ya majani. Kuna ioni, yaani metali zenye chaji, zilizoshikwa ukutani. Na kuna sehemu ndogo iliyofaulu kupenya hadi ndani ya seli. Hii ya tatu ndiyo inayoua. Mbili za kwanza ni mzigo tu, na mosi inaweza kuubeba muda mrefu ikiwa bado kijani kibichi. Mwaka 2018 watafiti wa taasisi ya RIKEN ya Japani walitoa matokeo ambayo niliposoma mara ya kwanza nilirudi juu kuhakikisha: nyuzi changa za Funaria hygrometrica, mosi inayochorwa kwenye vitabu vingi vya shule, zilikusanya risasi hadi ikafika asilimia 74 ya uzito wao mkavu. Zaidi ya asilimia 85 ya risasi hiyo ilikuwa kwenye kuta za seli. Yaani mmea ulikuwa umegeuka risasi kuliko ulivyokuwa mmea.

Likeni ni viumbe wa namna nyingine kabisa, ijapokuwa tunaviona jirani na mosi na watu wengi huvichanganya. Yale mabaka ya kijivu, ya kijani kilichofifia au ya manjano kwenye mikoko, minazi na miembe yetu ni likeni. Zile ndevu zinazoning'inia kwenye miti ya Kilimanjaro na Usambara pia ni likeni. Kila baka ni ushirika: kuvu hujenga nyumba, na ndani yake huishi mwani wa kijani au bakteria wanaotengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Mswisi Simon Schwendener aliposema hivyo miaka ya 1860, wataalamu wengi wa likeni wa wakati wake walimkasirikia. Alikuwa sahihi. Likeni haina mizizi, haina nta, hukua taratibu sana, aina nyingine milimita chache tu kwa mwaka, na huishi miaka mingi mahali palepale.

Kuhusu hewa chafu, likeni zilianza kusomwa zamani. Mwaka 1866 mtaalamu wa likeni William Nylander aliandika kwamba kwenye bustani ya Luxembourg, Paris, kulikuwa na likeni ambazo hazikuonekana sehemu nyingine za jiji, akaona zinaweza kuwa kipimo cha usafi wa hewa. Miaka iliyofuata moshi wa makaa ya mawe ukaziangamiza hata pale bustanini, na zilirejea baadaye sana, hewa ilipopungua salfa. Lakini hapa lazima tuwe waangalifu, maana salfa na metali hazifanyi kazi moja. Gesi ya salfa huua likeni na kuacha gome tupu, kwa hiyo unaisoma kwa kilichokosekana. Metali mara nyingi haziui haraka. Unazisoma kwa kilichomo ndani ya ile iliyobaki. Mtu akikuambia "hapa kuna likeni, basi hewa ni safi", muulize safi ya nini. Gome linaweza kupendeza kwa mabaka ya kila rangi na bado kila baka likawa limebeba risasi.

Haimaanishi hawaumii. Shaba, zebaki na kadimi ni wakali kuliko risasi na zinki, kwa sababu hupenya na kuvuruga kazi za ndani. Utando wa seli huharibika na potasiamu huvuja nje. Ndiyo moja ya dalili za mwanzo ambazo maabara hupima. Shaba inaweza hata kuiondoa magnesi katikati ya umbijani, ile rangi ya kijani inayonasa mwanga wa jua, na kukaa mahali pake, na umbijani wa namna hiyo haufanyi kazi. Katika likeni anayeanguka kwanza kwa kawaida ni mwani, wala si kuvu. Usanisinuru hushuka kabla jicho halijaona lolote, kisha rangi hupauka, kingo hukauka, na siku moja gome linabaki tupu.

Wapo wanaojua kujilinda. Kuvu wa likeni wengi hutoa asidi ya oksaliki, ambayo huigandisha metali kuwa fuwele zisizoyeyuka. Kwenye miamba ya shaba zimepatikana likeni zenye fuwele za oksaleti ya shaba mwilini. Mwani nao hutengeneza molekuli ndogo zenye salfa zinazoikamata kadimi na kuifungia. Acarospora sinopica huishi kwenye miamba na mabaki ya uyeyushaji yenye chuma kingi, nayo mwili wake una rangi ya kutu. Kuna mosi ya Uingereza, Ditrichum plumbicola, ambayo huota kwenye vifusi vya migodi ya zamani ya risasi. Na huko Palmerton, Pennsylvania, ambako zinki iliyeyushwa kuanzia 1898 hadi 1980, Thomas Nash alionyesha miaka ya 1970 jinsi idadi ya aina za likeni ilivyoporomoka kadiri unavyokaribia viwanda, wakabaki wachache wavumilivu.

Wasomaji wa Lubumbashi watanielewa haraka hapa. Katanga ina maua yake ya shaba, Haumaniastrum katangense, ambayo wachimbaji na wanaakiolojia walijifunza kuyafuata. Na kule Penga Penga, upande ambao upepo uliupeleka moshi wa kiwanda cha kuyeyusha shaba kilichoanza 1911, ardhi ilibaki wazi kwa miongo. Mimea imekuwa ikisema mambo haya kwetu sisi pia, tena kwa sauti kubwa. Tuliitumia kutafutia shaba. Kuitumia kulindia watu ni hatua fupi tu kutoka hapo.

Waliofanya hivyo kwa ukubwa ni Wazungu wa kaskazini. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Åke Rühling na Germund Tyler wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, walianza kupima metali kwenye mosi za misituni ili kujua kiasi kinachoanguka kutoka hewani. Mojawapo ya mosi walizopenda ni Hylocomium splendens, ambayo kila mwaka huota ngazi mpya juu ya ile ya mwaka uliopita. Unaweza kuikata ngazi kwa ngazi, ukajua mwaka upi ulileta nini. Kuanzia 1990 nchi nyingi za Ulaya zimekuwa zikikusanya mosi kila baada ya miaka mitano kwa utaratibu mmoja. Kati ya 1990 na 2005 risasi kwenye mosi hizo ilipungua kwa takriban asilimia 72. Sababu kubwa ilikuwa kuondolewa kwa risasi kwenye petroli, na mosi ziliandika sera hiyo bila kuambiwa.

Nasi tuliondoa risasi kwenye petroli. Azimio la Dakar lilikuwa 2001, na kufikia mwanzo wa 2006 nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikuwa zimeiacha. Lilikuwa jambo kubwa, pengine mojawapo ya mambo makubwa kabisa ya afya ya umma ambayo kizazi changu kimeyaona, na lilipita kimya. Hatukuwa na mtandao wa mosi wala wa likeni wa kutuonyesha kwa ramani hewa ya Nairobi, Dar es Salaam au Kampala ilivyobadilika mwaka hadi mwaka. Ninasikitika kwamba tuliukosa ushahidi wa ushindi wetu wenyewe.

Jirani yangu mmoja, bibi wa makamo ya mama yangu, aliniita siku moja uani kwake.

"Mwalimu, hebu utazame huu mwembe wangu. Umeshikwa na ukurutu. Nimwite kijana aukwangue kwa panga?"

Nikamwamkia, nikatazama. Shina lilikuwa limejaa mabaka ya kijivu, mengine mapana kama kiganja.

"Usiukwangue, bibi. Si ugonjwa huo."

"Haunyonyi mti?"

"Haunyonyi. Umejishikiza kwenye gome tu. Chakula chake hujitengenezea kwa jua."

"Na maji?"

"Ya mvua. Na vumbi linaloletwa na upepo."

Akageuka kuelekea barabara kuu, malori yalikuwa yamepanga foleni ya kuingia bandarini. "Vumbi la hapa hapa?" akauliza. Hakuhitaji nimfafanulie zaidi. Mwembe haukukwanguliwa, na tangu siku ile kila nikipita hunitajia kama mabaka yameongezeka.

Ninakieleza kisa hiki kwa sababu dhana ya kwamba likeni ni ugonjwa wa mti imeenea sana, na watu wema kabisa huzikwangua, hupaka shina chokaa, na kwa kufanya hivyo hufuta kumbukumbu ya miaka. Chokaa ya mapambo kwenye miti ya kando ya barabara zetu imefuta nyingi mno.

Je, pwani yetu inaweza kusomwa kwa njia hii? Mosi hazitatusaidia sana. Joto na kiangazi huzifanya ziwe chache mjini, na zilizopo hujificha kwenye kuta zenye maji. Likeni ndizo zetu. India, yenye joto kama letu na miembe kama yetu, imetuonyesha njia: watafiti wa taasisi ya mimea ya taifa iliyoko Lucknow wametumia Pyxine cocoes, likeni bapa ya kijivu iliyozoea magome ya miembe na iliyoenea katika nchi nyingi za joto, kupima metali mijini.

Tena likeni ina faida moja ambayo mtu wa pwani ataithamini kuliko mtu wa bara. Kwetu upepo una misimu. Kusi huvuma kutoka kusini tangu karibu Aprili hadi Septemba au Oktoba, kisha kaskazi huchukua zamu hadi Machi. Moshi wa tanuri moja huwaangukia watu wa upande mmoja nusu ya mwaka na wa upande wa pili nusu nyingine. Ukileta mashine ya kukodi, ukaiweka mwezi mmoja wakati wa kaskazi, upande wa kaskazini wa kiwanda utaonekana salama, na ripoti itaandikwa hivyo, na muhuri utagongwa. Likeni iliyokaa pale miaka imepokea kusi na kaskazi zote. Haiwezi kupangiwa siku ya ukaguzi, wala kiwanda hakiwezi kuzima tanuri kwa ajili yake asubuhi ya wageni.

Hata hivyo pwani ina tatizo lake, nalo ni bahari. Chumvi inayorushwa na mawimbi huleta sodiamu na magnesi kwa wingi, nazo hugombea nafasi zile zile za ukutani. Likeni ya Nyali, karibu na ufuo, inaweza kuonyesha metali pungufu kuliko ya Mikindani ya hapa Mombasa, iliyo ndani zaidi, hata kama hewa ni sawa. Vumbi la udongo mwekundu nalo lina chuma na alumini nyingi kwa asili, kwa hiyo ukiona chuma kingi usikimbilie kukilaumu kiwanda. Aina mbili za likeni kwenye gome moja hazikusanyi sawa, hivyo hulinganishi aina hii na ile. Na risasi hushikwa vizuri kuliko zinki au kadimi. Zaidi ya yote, namba ya kwenye likeni si namba ya hewa. Huwezi kuichukua ukaenda nayo mahakamani ukasema watu walivuta kiasi hiki. Inachokuambia ni wapi pa kuweka mashine. Huko Portland ndivyo ilivyofanyika: mosi ilionyesha mtaa, mashine ikathibitisha, ndipo sheria ikasogea.

Nasisitiza hilo kwa sababu nimesikia watu wakisema vipimo vya mimea ni vya maskini, vya kutumia hadi tutakapopata vya kweli. Si hivyo. Mashine moja nzuri hupima sehemu moja kwa usahihi mkubwa. Miti mia tatu hukupa jiji zima. Kila kimoja kina kazi yake, na kazi ya kutafuta ni ya miti.

Ukusanyaji wenyewe hautaki ujuzi wa ajabu, unataka nidhamu. Unachagua aina moja na mti wa aina moja. Unachukua kwenye shina lililonyooka, juu ya kimo ambacho matope ya barabarani hurukia. Unavaa glavu zisizo na unga, unatumia kisu cha plastiki au cha kauri, maana kisu cha chuma huacha chuma. Unachanganya vipande kutoka miti kadhaa ya mahali pamoja viwe sampuli moja. Humalizi baka zima. Kilichokua kwa miaka kumi usikibandue chote kwa dakika moja. Unaandika mahali, tarehe, upande wa shina unaotazama wapi. Halafu unasafisha takataka, unakausha, unasaga, na maabara huyeyusha kwa asidi ya nitriki na kusoma metali zote kwa mkupuo. Gharama kubwa iko hapo mwisho, maabarani.

Mwaka 2019, kwenye bonde la Duwamish huko Seattle, eneo lenye viwanda na familia nyingi za wahamiaji, vijana wa mtaa wenyewe ndio walioikusanya mosi, baada ya kufundishwa na wanasayansi walioshiriki kazi ya Portland. Sampuli zao zilifaa kwa utafiti. Nilipowasomea wanafunzi wangu habari hiyo, swali la kwanza lilitoka kwa msichana anayekaa karibu na eneo la viwanda, na hakuuliza kuhusu Seattle. Aliuliza kama baka la kwenye mwembe wa kwao linaweza kupimwa.

Tumeanza kwa kuchora. Wanafunzi wameweka alama kwenye ramani, kila mahali penye miembe mikubwa isiyopakwa chokaa, kwenye mistari miwili inayotoka eneo la viwanda: mmoja unaelekea kaskazini-magharibi, ambako kusi hupeleka moshi, na mwingine kusini-magharibi, ambako kaskazi huupeleka. Mstari wa tatu uko mbali na viwanda vyote, bara kidogo, kwa ajili ya kulinganisha. Tumekubaliana kuanza na risasi, zinki, shaba na kadimi, na tumeandika barua kwa maabara ya chuo tukiuliza bei ya sampuli thelathini. Mwembe wa bibi uko kwenye mstari wa kwanza, naye amekwisha kubali, kwa sharti kwamba majibu yakija asomewe yeye kabla ya kupelekwa ofisi yoyote.